Padre Niliyechelewa Kumwita

Mwanangu, naikumbuka Jumatatu moja ya mvua nilipompoteza dada yangu Veronika, hapa hapa Ipuli.

Tulizaliwa Wakatoliki, kule Ulyankulu. Nilipokuja Tabora mjini kujifunza useremala nikajiunga na Wamethodisti, na kwa ujana wangu nikawa moto kuliko mchungaji mwenyewe. Dada, niliyekuwa nikiishi naye hapa mjini, alibaki na rozari yake.

Alipozidiwa aliniambia, "Zakaria, panda baiskeli ukamwite padre anipake mafuta."

"Dada, mafuta hayaokoi," nikamjibu. "Mtu huokolewa kwa neema, akiamini. Mpokee Kristo sasa, upate hakika moyoni."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Umeokoka juzi, mdogo wangu, leo unanifundisha kufa? Huyo Kristo ninaye. Niletee padre."

Nikasema nitakwenda tukishasali. Nikasali sala ndefu, makusudi, nikingoja alegeze msimamo. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama tu. Ndipo nikaenda. Niliporudi na padre, tayari majirani walikuwa wamemfunika uso.

Mchungaji wangu, mzee wa Kinyamwezi, alikuja msibani. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Sikukufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote? Kwamba neema humtangulia mtu kabla hajaitafuta? Basi ilishamfikia dada yako kanisani kwake. Wewe ulikuwa unamwokoa nani?"

Swali hilo najiuliza hata leo.

Mimi bado ni Mmethodisti, mwanangu. Kwetu tunafundishwa kwamba aliyeokoka anaweza kuanguka. Wapo Wakristo wanaosema hawezi. Mimi najua nilianguka, tena nikiwa nimepiga magoti. Wakatoliki huwaombea marehemu wao. Sisi Wamethodisti hatufanyi hivyo. Mambo hayo bishaneni mkiwa wazima, chai ikiwa mezani. Lakini mgonjwa akikuomba mtu wa imani yake, nenda kamwite upesi, usimfanye asubiri wewe umshinde. Naamini Veronika yuko kwa Mungu. Nasema naamini; sisemi najua. Mungu akujalie usikie unachoombwa kabla hujafungua kinywa, na wa kwako wasikuage kwa kukutazama tu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye misa ya kumwombea. Nilikaa benchi la nyuma. Jina lake liliposomwa nikasimama, kumbe wenzangu wote wamepiga magoti. Mama mmoja akanivuta shati.

"Babu, piga magoti."

Nikapiga.