Kokwa Nilizoziacha Kwenye Tende za Wifi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anionee huruma. Nilimharibia wifi yangu siku yake kwa mikono yangu miwili, tena nikijua ninachofanya.

Wifi huyo, tumwite Kadzo, ni dada wa mume wangu. Alipoachana na mumewe alihamia kwetu hapa Tarasaa na sanduku moja. Wiki ya pili jikoni tayari ni kwake! Chumvi inakaa anapotaka yeye. Wanangu wakitoka shule hawaniulizi mimi chakula, wanamuuliza shangazi yao.

Na keki zake, jamani! Alikuwa akianika maembe ya shamba letu la kule Wema mpaka yanajikunja, anayakatakata, anachanganya na tende, anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mume wangu akishakula ananigeukia mimi.

"Mama Sidi, hebu jifunze kwa dada yangu."

Mbele za watu! Mtasema nilimwonea wivu. Hapana. Nilimchukia.

Basi akapata mchumba, mkulima wa Kau aliyefiwa na mkewe. Siku mchumba alipokuja na shangazi yake kututembelea, Kadzo aliamka kuoka. Akanipa bakuli la tende alizonunua Garsen, zile zilizoshindiliwa pamoja na kokwa zake.

"Wifi, nitolee kokwa, mimi niangalie moto."

Hakusema tafadhali. Labda alisema, sikusikia. Nilitoa kokwa za tende za juu. Za chini nikaziacha humo humo.

"Umetoa zote?"

"Zote."

Nilifikiri wageni watakunja uso, yeye aaibike, yaishe. Kumbe yule shangazi alikuwa na jino bovu! Alitafuna mara moja tu, tukasikia ka! Akatema kiganjani kokwa, damu na kipande cha jino.

Kadzo akanitazama. "Wifi, si nilikuuliza?"

Hapo ningesema kweli. Badala yake nikapaza sauti: "Usinisingizie mbele ya wageni! Tende umezichambua mwenyewe!"

Kwa uchungu akanitukana, nami nikamrudishia. Yule shangazi akafuta mdomo kwa leso, akainuka. "Twende, mwanangu. Mwanamke wa matusi namna hii hatumtaki kwetu."

Hawakurudi tena.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kadzo angeolewa, angeondoka! Mtu niliyekuwa nikiomba atoke nyumbani kwangu, mimi mwenyewe ndiye niliyemfungia mlango.

Miezi ikapita. Siku moja tukagombania mwiko, mwiko tu! Hasira zikanipanda nikaropoka: "Ndiyo, niliziacha makusudi!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Hakunipiga. Afadhali angepiga kelele. Alisema taratibu, "Dada yangu atakaa hapa mpaka achoke mwenyewe. Wewe ukitaka kuondoka, barabara ya Malindi unaijua."

Tangu siku hiyo mume wangu hali chakula changu. Jikoni tunapikia mioto miwili, mimi na Kadzo tumepeana mgongo.

Nilikwenda Kau kuungama. Yule shangazi wa mchumba hakunikaribisha hata kiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo yule binti alisema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulimwona mwongo." Akanitazama kama mtu anayetazama uchafu. "Mwanangu keshaoa kwingine. Ulikuwa wapi siku zote?"

Akaingia ndani, akarudishia mlango.

Wewe unayesoma, kama wifi yako anakukera, mwambie usoni! Mgombane mpaka majirani waje kuwaamua. Lakini usimchekee huku mkono wako unamchimbia shimo. Maana mimi naomba msamaha kila asubuhi, na kila asubuhi Kadzo hunijibu neno moja tu, akiwa na sufuria mkononi:

"Nipishe."