Mtani hapewi funguo: Mama Xavery na wachuja asali wa Tabora

Saa nne asubuhi, na hotipoti ya Maua imetekwa.

Iko juu ya kabati la chupa, karibu na dari, na ndani yake mna wali na maharage ya nazi aliyoyapika alfajiri. Maua anaitazama, anasonya, kisha anarudi kwenye chujio na ndoo ya asali aliyoimaliza jana. Lazima aichuje upya. Asipoichuja, leo hali.

"Msukuma huyu njaa ya kwao ndiyo inamsumbua," anasema kwa sauti inayofika hadi barabarani.

"Asali haichujwi kama tui, Mzaramo wee," anajibu mtekaji bila kugeuka. "Ina vumbi la nta. Rudia, utakula."

Karakana nzima inacheka. Anacheka pia mwanamke mfupi mwenye koti jeupe aliyesimama mlangoni, ingawa yeye ndiye msimamizi na wengi wangetegemea amkemee mtu. Jina lake ni Apolinaria, lakini hapa mtaani Chemchem ukimuuliza Apolinaria utapotezwa njia. Uliza Mama Xavery.

Ana miaka arobaini na nane, na anasimamia wafanyakazi kumi na tisa wanaopokea asali kutoka misitu ya Sikonge na Urambo, wanaichuja, wanaipima na kuifunga kwenye chupa. Hajasomea kuongoza watu. Alianza kazi hapa kwa kuosha chupa, akitokea Puge, na uoshaji huo ndio uliomfundisha.

"Nimeosha chupa miaka miwili," anasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe mama, zaidi ya kuosha unaweza nini? Inauma. Unakuja kazini mwili, moyo umeuacha nyumbani."

Ndiyo maana mgeni akiingia kwake hapewi kazi moja. Anazungushwa kila meza, na Mama Xavery anamtazama kwa mbali huku akijifanya anahesabu vifuniko. Hafsa, ambaye mwisho wa wiki huchora maharusi hina, alibandika lebo tatu tu akaambiwa abaki hapo hapo, maana mkono wake hautetemeki. Nassibu, ambaye hawezi kunyamaza hata akiumwa jino, alipelekwa getini kuwapokea warina asali. Wanatoka porini wamechoka, wanataka mtu wa kuzungumza naye.

Halafu yuko Jilala, mtekaji wa hotipoti.

Jilala ni mtu wa Itetemia, ana miaka thelathini na minne, mrefu, mpole, na ulimi wake ndio mali kubwa kuliko mashine zote za humu ndani. Kipimo cha maji kinasema kama asali ni nzito au nyepesi. Jilala anaongeza yale ambayo kipimo hakina habari nayo: hii mrina alizidisha moshi, hii imekaa kwenye debe lililowahi kutiwa mafuta. Anaonja kwa ncha ya kijiti, anafumba macho, anasema.

Kwa mtu kama huyo, ungefanya nini? Mama Xavery alifanya ambacho tungefanya wewe na mimi. Alimpandisha cheo.

Mwenye karakana, Mzee Nurdini, alikuwa amemwambia atafute msaidizi. Akamchagua Jilala bila kufikiri mara mbili. Akamvalisha koti jeupe mbele ya wenzake, akamkabidhi funguo za stoo, wakampigia vigelegele. Kuanzia siku hiyo Jilala hakuonja tena. Alitoa amri.

Au tuseme alijaribu. Tatizo ni kwamba karibu nusu ya wachujaji ni watani zake. Maua ni Mzaramo, babu yake aliletwa Tabora na kazi ya reli. Wengine wanne ni Wagogo. Wazee wa hapa husema utani huo ulikomaa njiani, enzi ambazo misafara ya wapagazi ilikatiza nchi za watu kwenda pwani na kurudi, na ilikuwa heri kutaniana na mwenye kisima kuliko kupigana naye. Sheria yake kila mtoto anaijua: mtani akisema neno, hulichukulii kwa uzito, na wala hukasiriki.

Sasa mweke mtani kuwa mkubwa wa watani zake.

"Akija kusema ndoo hii ina maji, rudisheni, sisi tunacheka," anakumbuka Maua, akiuziba mdomo kwa mkono. "Tunamwambia, Msukuma, maji umeyaonea wapi, kwenu si mnakunywa na ng'ombe? Naye anacheka. Basi ndoo inapita."

Zikapita ndoo nyingi. Mzigo uliokwenda Dodoma ulirudishwa, asali imechacha, povu linasukuma vifuniko. Mzee Nurdini aliziangalia chupa zile akasema lazima mtu aondoke. Kabla hajasema nani, Jilala aliweka funguo mezani, akavua koti, akalikunja vizuri, akaenda zake.

Kuna kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa ikimpigia simu kwa muda mrefu, ikimtaka akaonje asali huko kwa mshahara mara mbili ya wake. Kila mtu alijua. Mama Xavery hafichi alivyojisikia.

"Niliogopa. Bila Jilala hii karakana ni chupa tupu. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimchukua mtu mwenye furaha nikamfanya awe na huzuni, tena kwa kumpandisha."

Jumapili, alipotoka misa, alikwenda Itetemia. Alimkuta Jilala anapalilia karanga, na baada ya shikamoo na marahaba wakakaa ukingoni mwa shamba. Jilala alizungumza akitazama jembe.

"Mama, mimi kwa wale ni mtani. Nikisema kweli wanacheka. Nikikasirika nimevunja utani, na nikishauvunja, nitakaa nao vipi? Bora niende nisikojulikana."

Mama Xavery anasema jibu hakulipata pale. Alilipata akiwa kwenye bodaboda, akirudi mjini, alipokumbuka mazishi ya baba yake kule Puge.

"Watani walishuka kaburini wakajilaza. Wakasema hazikwi mtu hapa mpaka tupewe jogoo. Padri amesimama, ukoo mzima umesimama, na hakuna aliyethubutu kukunja uso. Tulitoa jogoo mbio! Nikajiuliza, kumbe mtani ana nguvu hivi? Mtani akisema, unacheka. Mtani akichukua, unakomboa."

Alimwambia dereva ageuze.

Kesho yake Jilala alirudi kwenye meza yake ya kuonja, bila funguo na bila koti, lakini kwa mshahara ule ule wa msaidizi. Akapewa ruhusa moja: akikuta ndoo mbaya, asiseme sana. Achukue kitu cha aliyeichuja. Chakula, mwavuli, kanga ya kurudia nyumbani, chochote. Kitakombolewa kwa kuichuja ndoo upya.

Mzee Nurdini hakupendezwa. "Nikamuuliza, cheo hana, mshahara wa nini?" anasimulia. "Akaniambia, Mzee, ulimi nao ni cheo. Nikamwachia. Nilitaka kuona aibu yake." Anacheka mwenyewe. "Tangu hapo hakuna mzigo uliorudi."

Wachujaji nao sasa wanachuja kwa bidii ya ajabu, maana hakuna anayetaka kusikia chakula chake kikitangazwa mbele ya karakana nzima. Funguo za stoo anazo Hafsa, ambaye ni mzaliwa wa mjini, wa kabila lisilo na mtani humu ndani, na akikuangalia mara moja unarudisha ulichokosea.

Msimu huu kampuni ya Dar imepiga tena, na dau limepanda. Jilala aliiweka simu kwenye spika, watu wote wakasikia. Mama Xavery alitoka nje. Anasema hakutaka sura yake imzuie mtu kwenda kutafuta maisha.

Alikuwa bado nje Jilala alipomfuata, akamwambia amewajibu walete vijana wao Tabora, wajifunzie hapa. "Ila nimewaambia wawe Wazaramo," akaongeza, "hao wengine nitawaonea haya."

Kutokana na jibu hilo, Mama Xavery ana mpango. Anataka kujenga chumba cha kufundishia kuonja asali nyuma ya karakana, kabla ya urinaji ujao, na matofali ya mwanzo yameshashushwa. Mwalimu atakuwa Jilala.

Je, haogopi kumharibu kwa mara ya pili?

Anatikisa kichwa. "Mara ya kwanza nilimvalisha koti mbele za watu, akakosa pa kukatalia. Safari hii nilimpeleka pembeni, nikamwambia, ukitaka kukataa, kataa." Anatazama yale matofali, uso umemchangamka. "Akaniomba siku mbili afikirie. Jioni ile ile akanipigia simu, anauliza mlango utaelekea wapi."