Goti la Mama Pacha

Fundi Makochi hakuwahi kumwonea mkewe wivu hadi siku aliyomsindikiza kwa daktari wa mifupa.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Miaka sita nyuma aliteleza kwenye maji ya sabuni, goti la kulia likapinda vibaya, na tangu hapo halikutulia. Lilivimba, likapoa, likavimba tena. Nyumbani akiulizwa alijibu, "Linaendelea vizuri," na mumewe akarudi kwenye makochi yake akiwa ameamini.

Kliniki, Fundi alikalia stuli ya pembeni, kofia mapajani. Daktari, kijana wa sauti ya taratibu, alisogeza kompyuta kando. "Mama, tangu tuonane mara ya mwisho, umeishije na hilo goti?"

Mama Pacha akafunguka. Alisema hushuka ngazi kinyumenyume pasipo mtu wa kumwona. Asubuhi hukaa bafuni robo saa akisubiri goti likubali kunyooka. Anaogopa kuachishwa kazi, maana pasi hupigwa kwa kusimama kutwa.

"Maumivu je, tukisema kumi ndiyo hayavumiliki?"

"Saba. Jioni nane."

Fundi alizikumbuka asubuhi hizo. Robo saa bafuni, na yeye nje anagonga mlango, anamhimiza afanye haraka.

Daktari alimweleza wazi kwamba goti halitarudi kama zamani, ila linaweza kusaidiwa: mazoezi ya msuli wa paja kila siku, kupumzika kabla maumivu hayajazidi, na barua kwa msimamizi ili mama apewe kiti kirefu cha kukalia akipiga pasi. Kila jambo alimuuliza kama ataliweza. Zoezi moja Mama Pacha alilikataa, naye daktari akatafuta jingine bila kununa. Kisha akageuka. "Na wewe mzee, nyumbani unaona nini?"

Hilo neno "mzee" lilimkera. "Naona yuko sawa tu."

Walipofika mlangoni kwao, Fundi alishindwa kujizuia. "Kumbe mambo yako yote anayo yule kijana."

"Ameniuliza."

"Mimi sikuulizi?"

"Unauliza huku unatembea, Baba Pacha. Nikisema linauma, unanuna, unaanza nani atapika, nani atafua. Daktari nikimwambia saba, anaandika saba."

Siku mbili Fundi alipigilia misumari kwa nguvu isiyohitajika. Siku ya tatu alikata kipande cha sponji ngumu, akakivalisha kitambaa, akakiweka chini ya goti la mkewe alipokuwa akifanya mazoezi. Akaketi sakafuni.

"Leo ngapi?"

"Tatu."

Hakuinuka. Alishika kisigino cha mkewe, akangoja.

"Sita," mkewe akasema hatimaye. "Wali leo upike wewe."

Akaupika, ukaungua kidogo.

Mwezi uliofuata Mama Pacha aliomba kuingia kwa daktari peke yake. Fundi alibaki kwenye benchi la koridoni, na kupitia mlango akamsikia mkewe akicheka, kicheko kirefu ambacho hakukumbuka lini mara ya mwisho alikisababisha yeye. Wivu ukamrudia mzimamzima.

Mkewe alipotoka, Fundi akamuuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?"

Mama Pacha akamshika mkono ili ashuke ngazi, safari hii akitazama mbele, akamsimulia. Lakini Fundi alijua kabisa kwamba amesimuliwa nusu.