Mume Wangu Ananipeleka Nairobi Kustarehe, Kwao Amesema Naenda Kutibiwa

Nawasalimu wote mnaosoma ukurasa huu. Jina langu mlifiche, na la mwanangu nimelibadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Nyamuswa, nimeolewa hapa Musoma, tunakaa Nyakato na tuna watoto wawili.

Mume wangu alikuwaga fundi mitambo kwenye kiwanda cha pamba huko Bunda. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi wakapunguzwa kazi, akarudi nyumbani na kinyongo. Karibu mwaka mzima alikuwa haongei. Nikiweka chakula anakula, nikimuuliza kitu ananyamaza. Mimi jioni nilikuwa nakimbilia kwa jirani mwenye dishi, akina mama tunajazana sebuleni kwake kuangalia tamthilia ya mke na mume matajiri. Kila wakikosana, mume anamchukua mke wanaenda mjini kupumzika hotelini. Taa kila mahali, glasi ndefu, mke kavaa gauni la mgongo wazi. Mume wangu akifungua mdomo ni kutucheka tu. "Mnawalilia watu hata hawawajui."

Mwezi uliopita akaja mwenyewe kwa jirani, akakaa nyuma kabisa, akaangalia mpaka mwisho. Njiani akanishika mkono, jambo ambalo hajafanyaga tangu tuoane. Akasema, "Mama Bhoke, na sisi twende. Nairobi. Wiki moja tu, tuishi kama wale."

Ndugu zangu, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hela alisema ni ya kiinua mgongo cha kiwandani. Tukaanza kupanga. Kitambaa alinichagulia yeye, akasimama kwa fundi kuelekeza gauni likatwe vipi. Viatu vya kisigino alinitafutia mwenyewe kwenye mitumba. Sharti lake lilikuwa moja, nisiwaambie kwetu Nyamuswa. "Wataanza kuagiza vitu." Nikaona sawa.

Jumapili tukawapeleka watoto Butiama kwa mama yake. Mama mkwe aliponiona akanikumbatia, akaanza kulia. "Mwanangu, umependeza hivi kumbe unaumwa!"

Nikamuuliza naumwa nini. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeonywa kwamba mgonjwa mwenyewe hajaambiwa. "Mume wako katueleza yote. Kasema madaktari wa Nairobi ndio tumaini lililobaki. Na kasema likitokea la kutokea, tusihangaike kuvusha mwili mpakani. Atamaliza mambo hukohuko."

Mume wangu nilimsikia nje, anacheka na mdogo wake.

Wakati naaga, Bhoke wangu, ana miaka saba, akanivuta nguo. "Mama, baba ameniandikisha shule ya huku. Bibi ameshanishonea sare."

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza mume wangu kuhusu huo ugonjwa. Hakushtuka. "Ulitaka niseme naenda kustarehe wakati wadogo zangu wamekosa ada? Wangenitafuna mzima. Na mama naye huwaga anaongeza chumvi." Inawezekana, maana hao ndugu zake nawajua. Lakini habari ya shule sikuitaja, na mpaka leo hajui kama ninaijua.

Juzi nikajaribu. Nikamwambia nataka kaka yangu atusindikize mpaka Sirari, pale mpakani. Akaacha kula, akanawa mikono taratibu, akaifuta kidole kimoja kimoja. "Umeona wapi mtu anaenda kupumzika na mkewe, halafu shemeji yupo katikati?" Akatabasamu. Asubuhi yake akaniletea samaki, sato mkubwa, akampika mwenyewe, akakaa kunitazama nikila. Nilikula kidogo nikasema nimeshiba.

Safari ni Jumamosi ijayo. Hati zetu za kuvukia mpaka anazo yeye. Majirani wananionea wivu, wananiita mama wa Nairobi, na mimi nacheka nao.

Mwenye busara anisaidie kabla siku haijafika. Nipande hilo gari na huyu mtu aliyeanza kunipenda upya? Au nikawachukue wanangu Butiama nirudi kwetu? Na wazazi wangu wakiniuliza amenikosea nini, niwajibu nini, wakati hajawahi kuniinulia hata mkono?