Ukuta Alioupandisha Mkwe

Mackrine alipoamua kujenga, watu wa Nyaishozi walimwona ameshamaliza. Matofali alikuwa nayo, yamechomwa kwa kuni za mikaratusi aliyoiacha marehemu mumewe. Mabati aliyanunua kidogo kidogo kila msimu wa kahawa na kuyasukuma uvunguni, kwa hiyo kwa miaka mingi mama huyu alilala juu ya paa lake. Kilichobaki ni ufundi.

Hapo ndipo hesabu ilipomshinda. Twizeyimana, fundi aliyejenga karibu nusu ya nyumba za barabara ile, alikipima kiwanja kwa hatua, akataja ujira wake wa kupandisha boma kutoka msingi hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Vibarua hawakuwemo, wala mchota maji, wala chakula cha mchana, ambacho huku ni juu ya mwenye nyumba. Mackrine alikwenda kulalamika dukani kwa Mansoor, muuza saruji na misumari. Mansoor alimweleza kwamba watu hupigia hesabu kinachoonekana, tofali na bati. Mkono wa mtu hauonekani, basi husahaulika, ndiyo maana njia nzima ya kwenda Kimuli imejaa maboma yaliyoota magugu ndani.

"Tenga fungu la fundi kwanza, Mama Vero," alisema. "Kisha lifunge. Hata madirisha yakikuchekea, usilifungue."

Alilifunga kweli, mpaka bintiye Vero alipokuja kutoka Kimuli alikoolewa. Vero alieleza kwamba mumewe, Gideon, amesema ni aibu mama mkwe kujengewa na mtu baki ilhali mkwe ni fundi. Atakuja yeye, hatachukua hata senti. Mama awalipe vibarua tu. Mackrine alilia kwa furaha. Fungu la fundi likageuka madirisha ya chuma na mlango wa mninga. Hakuuliza mkwewe ni fundi wa nini, kwani mkwe hachunguzwi. Gideon alikuwa mpiga plasta, hodari hasa, na kwenye sakafu zake unaweza kujitazama uso. Lakini kupandisha kona ni kazi nyingine, naye aliona haya kulisema hilo mbele ya mkewe.

Ziko nchi ambako mama mkwe na mume wa binti hukaa meza moja wakataniana. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, wa umri wa Mackrine, mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kwa hiyo Gideon alipofika na vibarua wake wakapanga kwa jirani, Mukabera, Mackrine alihamia upande wa mbali wa kibanja chake cha migomba. Alipika alfajiri, akafunika ndizi na maharage kwa majani ya mgomba, akatoweka migombani. Mukabera ndiye aliyewapakulia. Nyumba ikapanda, mwenye nyumba na mjenzi wasionane.

Jioni, wajenzi wakishaondoka, alikwenda kutazama. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, alisimama akaukazia macho. Kona ya kuelekea barabarani ilikuwa imelalia nje, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza kutoka juu. Jiwe lilikaa mbali na msingi kwa upana wa kiganja.

Angekuwa fundi wa kulipwa, angemwita asubuhi, wakagombana, ujira ukashikwa, ukuta ukabomolewa na maisha yakaendelea. Huyu hakuwa na ujira wa kushikwa. Alimsihi Mukabera amfikishie neno. Mukabera alikataa, alisema maneno ya ukweni humuunguza mdomo anayeyabeba. Ndipo Mackrine akarudi kwa Mansoor.

Mansoor alikwenda kesho yake, akijifanya ameleta misumari.

"Fundi," alisema akitazama juu, "kona hii inakwenda Kimuli kumsalimia mkeo?"

Vibarua walicheka. Gideon hakucheka, aliuliza ni nani aliyemtuma. Mansoor alijiumauma, mwishowe akasema mwenye nyumba ana wasiwasi kidogo tu. Gideon aliteremka, akaosha mwiko, akaufunga kwenye kiroba na kuondoka zake.

Siku chache baadaye Vero alitokea uani, mtoto mgongoni, begi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia?"

"Nimerudishwa." Aliketi bila kumshusha mtoto. "Anasema umemtangaza madukani kwamba hajui kazi. Atarudi ukimwita mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo upi, waitu, mwanangu?"

Gideon alijua vyema mdomo huo haupo. Ndiyo maana aliweka sharti hilo.

Twizeyimana aliitwa tena. Aliuzunguka ukuta, akausukuma kidogo kwa bega, akasema upande ule ushushwe hadi msingi, na kubomoa nako ni kazi. Mackrine alimwuliza kama atapokea madirisha badala ya fedha.

"Mama, vibarua wangu hawali chuma," alijibu kwa upole, na upole wake ukauma kuliko tusi.

Mansoor, aliyemwagizia madirisha hayo, naye hakuweza kuyapokea tena. Yalikuwa yamechomelewa kwa vipimo vya nyumba ile. Na vuli ilikuwa inanyemelea. Matofali yalikuwa yameungwa kwa udongo, na udongo usio na paa juu yake hauivuki mvua ya Karagwe. Usiku na mchana Vero alikaa jikoni akimnyonyesha mtoto.

Mackrine alimwendea mzee Cleophace, mshenga wa ndoa ile. Akampa mbuzi na madumu ya rubisi, pombe ya ndizi zake mwenyewe, avipeleke Kimuli pamoja na maneno haya: mama mkwe wako anasema ukuta umenyooka, macho yake ndiyo yaliyopinda.

Gideon aliupokea ujumbe, akanywa, akasamehe. Alirudi na mwiko wake, akaendeleza tofali juu ya tofali pale pale alipoachia, akipiga mluzi. Siku lenta ilipofungwa alimwagiza mkewe ajiandae warudi nyumbani.

Vero alisimama mbele ya kona ile, akainua macho, kisha akayashusha.

"Mama, utalala humu?"

"Nitalala chumba cha nyuma."

"Na cha mbele, chenye kona hii?"

"Cha mbele ni cha wageni," alisema Mackrine, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Vero alifumbua kinywa. Lakini pikipiki ya mumewe ilikwisha kuingia uani, na mama yake alikuwa ameshajifunika kanga usoni, anarudi kinyumenyume kuelekea migombani ili mkwewe apite.