Nyasi Zenye Homa

Juzi pale Basotu nilimkuta kijana akishusha marobota ya nyasi kavu, na harufu yake ikanirudisha uani kwetu, kwenye banda la sungura wangu wawili.

Kiangazi kilikuwa kinakaribia. Baba alikuwa ameshasema, "Nyasi zikiisha, hao wanaingia sufuriani." Sikulia. Nilikata nyasi, nikazianika asubuhi moja tu, kisha nikazishindilia kwenye gunia tupu la ngano, nikiamini nimewaokoa.

Kesho yake mchana, kombaini za kuvunia ngano za shamba la serikali zikinguruma kule tambarare, niliingiza mkono ndani ya gunia. Mlikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa, na harufu ya pombe inayochachuka. Nikamkimbilia mama.

"Mama, nyasi zina homa!"

Hakucheka. Alizigusa, akasema, "Umezifunga zikiwa bado mbichi. Zitoe zipate hewa."

Nilizimwaga zote, nikakaa juani nikizigeuza kwa mikono. Mbuzi walikuja, nikawafukuza. Mama aliniita kula, sikwenda. Mgonjwa haachwi peke yake. Leo najua ulikuwa unyevu tu, lakini jua lilipozama nyasi zilikuwa zinachakarisha kama karatasi, na sungura wangu walizitafuna hadi mvua zikaanza. Baba hakutaja sufuria tena.

"Shikamoo mama," kijana wa Basotu alinishtua. "Unatafuta nini humo?"

Mkono wangu ulikuwa umezama ndani ya robota hadi kwenye kiwiko.

"Marahaba," nikamjibu. "Napima homa."