Simu Kutoka Mkoani

Niliipenda kazi yangu ya kutunza mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya, lakini niliiacha nikajiunga na rafiki yangu aliyeanzisha kampuni ya programu za simu. Tulikodi chumba eneo la Wawi, na mteja hatukuwa naye hata mmoja. Wiki hiyohiyo muuguzi wa makamo wa kituo cha afya cha mji wa Mkoani, niliyezoeana naye sana, alinipigia.

"Mwanangu, kompyuta imegoma tena na wagonjwa wamejaa."

Tatizo nililijua, ila sikuwa tena na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo.

"Samahani mama, mie nishaacha kazi hiyo."

"Sasa umetuachia nani?"

Nikampa namba ya aliyeshika nafasi yangu. Mchana ule nilikaa mbele ya kompyuta nisiandike hata mstari mmoja wa programu. Hakunipigia tena.